Mstari wa Kumi na Saba

Treni iliniacha saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, nikiwa na begi moja na anwani iliyoandikwa kwa penseli. Sikujua mkono upi unaelekea katikati ya mji. Nimeshuka kwa namna hiyo katika miji mingi, na nimejizoesha kusikiliza kabla ya kuuliza njia. Hapa kilichosikika juu ya mvua kilikuwa chuma kikigonga jiwe: mara tatu, kimya, mara tatu, kimya. Nilivuka reli, nikapita duka la matairi na kibanda cha kinyozi, na kila nilivyoikaribia nyumba niliyoandikiwa ndivyo mlio ule ulivyozidi. Nilipofika mlangoni ukakatika ghafla, na mtu akasema neno ambalo siwezi kuliandika.

Ndani ya karakana alisimama mzee mfupi mwenye nyusi nyeupe kwa vumbi. Mbele yake kulikuwa na bamba la kaburi, na tindo yake aliishika mbali na mwili kama mtu aliyeokota nyoka akidhani ni kamba.

"Ya tatu hii," aliniambia, kana kwamba tumejuana tangu jana. "Miaka thelathini na sita sijavunja herufi. Tangu wiki iliyopita nimevunja tatu. Wewe ndiye mgeni wa chumba cha juu?"

"Ndimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kanyaga taratibu, sakafu ina vipande vya marehemu."

Mtaa mzima ulimwita Tindo, kwa kile chuma anachochongea. Alichonga majina: ya makaburi, ya shule, ya mawe ya msingi ambayo wakubwa huja kuyafunua kwa kuvuta kitambaa. Kazi yake alinionyesha siku hiyo hiyo, maana mtu wa kuzungumza naye alikuwa anamtafuta kwa udi na uvumba. Kwanza huchora herufi kwa penseli. Kisha anaikata katikati kama mfereji, halafu anaufungua mfereji huo pande mbili, polepole, mpaka kivuli kikae ndani. "Watu wanadhani nachonga herufi," alisema. "Mimi nachonga kivuli. Herufi, jua ndilo linaloisoma."

Alizungumza vizuri, lakini mikono yake haikutulia. Aliishika nyundo ya mti, akaiweka. Akaishika tena. Kila simu ya karakana ilipolia ukutani, mabega yalipanda yakagusa masikio.

Sababu iliingia mlangoni saa saba mchana, ikiwa imevaa koti la mvua na kubeba daftari. Alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, mtoa dawa kwenye dirisha la zahanati ya mtaa wa pili. Mume wake alikuwa kazini mbali, migodini, na yeye aliishi na mama mkwe wake. Alinisalimia, akavuta stuli, akafungua daftari, akaanza kumsomea baba yake safari kama anavyowasomea wagonjwa dawa.

"Ijumaa saa kumi na mbili kamili asubuhi tunaondoka. Saa mbili tunasimama, Mama anakunywa dawa, anakwenda msalani. Saa nne tuko lango la jeshi la majini. Saa nne na nusu tuko mbele ya ukuta. Saa saba tunageuza. Umesikia, Baba?"

"Ijumaa kuna mvua."

"Nani kakwambia?"

"Goti."

"Goti lako lilitabiri mvua siku ya harusi yangu, watu wakaungua na jua."

"Na matairi ya gari?"

"Nimebadilisha mawili."

"Na presha ya mkwe wangu? Barabara ile ina mashimo, mama wa watu ana miaka themanini na ushee."

"Presha yake naipima mimi, kila asubuhi. Ni nzuri kuliko yako." Alimtazama. "Baba, una nini? Wewe ndiye uliyekuwa unajisifu kila siku, ukuta ule nimeuchonga mimi. Leo mtu anataka kuuona, unaleta habari za goti."

Nimesikia watu wakikwepa safari katika lugha saba. Maneno hutofautiana, lakini ile sauti ya mtu anayeokota sababu moja baada ya nyingine kama mwizi anayejaribu funguo ni ile ile kila mahali.

Ukuta wenyewe binti alinieleza. Ulikuwa saa nne kwa gari kutoka pale, kwenye rasi, ndani ya uzio wa jeshi: mabamba kumi na mawili ya jiwe la kijivu, yameelekea baharini, yana majina ya watu waliokwenda na manowari wakati wa vita vile vikubwa na hawakurudi. Baba wa mama mkwe wake alikuwa mmoja wao. Alikuwa akitia makaa kwenye tanuri la meli ndogo ya kufagia mabomu ya baharini, na bomu moja likawahi kabla halijafagiwa. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hakukuwa na mwili, kaburi wala picha. Kulikuwa na jina tu, jiweni, na katika miaka themanini na miwili binti yake hajawahi kufika.

"Mwaka huu amekata kauli," alisema mtoa dawa. "Anasema macho yameshakwenda, miguu imeshakwenda, asiposafiri sasa atasafirishwa."

Kuingia kulihitaji fomu. Wageni waandike majina yao na jina la marehemu wao. Ofisi ya ukumbusho ingetafuta katika daftari lake la zamani namba ya bamba na ya mstari, na siku moja kabla ya ziara mlinzi angekwenda kuweka alama ya chaki kando ya jina, ili watu wasihangaike kutafuta. Binti alikuwa ameshaipeleka fomu, na kwenye sehemu ya simu aliandika namba ya karakana, kwa kuwa zahanati hawaruhusiwi kupokea simu za nyumbani. Na mimi alikuwa ameniandika: alisikia kwamba chumba cha juu anakuja mtu wa kuandika habari za safari, akaniwekea kiti cha nne bila kuniuliza.

Tindo alipolisikia neno chaki aliketi juu ya jiwe la mtu.

*

Jumatano mama mkwe aliletwa karakana kwa kiti cha magurudumu, "aje apange na sisi," kama alivyosema mwenyewe, "maana naona ninapangwa kama fenicha."

Alikuwa mwembamba, amenyooka, na macho yake yalikuwa na ukungu wa mtu ambaye presha ya macho imemla taratibu. Tindo alimsalimia kwa heshima yote ya wakwe, akamfutia vumbi kiti ambacho hakukikalia.

"Mkwe, karibu."

"Nimekaribia, mkwe wangu. Mbona unanuka jasho na siku ni ya baridi?"

"Kazi, mkwe."

"Kazi gani? Tangu nimefika mtaani sijasikia nyundo."

Alinyoosha mkono pembeni, ukakutana na bamba lililoegemezwa ukutani. Nikaona vidole vikishuka juu ya herufi, si kwa kupapasa ovyo bali kwa mwendo wa mtu anayesoma. Vilipita mstari wa kwanza, vikarudi, vikapita wa pili.

"Huyu alikuwa mwalimu," alisema. "Amekufa mwezi wa tatu. Na hii herufi hapa mwisho umeibandika kwa gundi."

Ilikuwa mojawapo ya zile tatu.

Nilimwuliza alijifunza wapi. Akacheka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, zama za herufi za risasi, ambapo mtu hupanga maneno kinyumenyume, moja moja, mkononi. Taa zilikuwa zikizimika mara kwa mara na gazeti halisubiri. "Kwa hiyo tulisoma kwa kidole, mwanangu. Kinyumenyume. Jiwe ni rahisi, limesimama kama mtu mwenye adabu." Akamgeukia Tindo, au sauti ya pumzi yake. "Ndiyo maana sihitaji hiyo chaki yenu. Nikifika nitaanza juu, nishuke jina moja moja. Nataka kuwasalimia wenzake wote kabla sijamfikia."

"Wote, mkwe?"

"Wote wa bamba lake. Unaogopa nitakuta gundi?"

Binti yake Tindo alicheka mpaka akashika ubavu. Tindo naye alicheka, lakini kile kicheko kilitoka bila yeye. Niliona kijasho chembamba kikimtiririka kutoka kwenye nyusi, kikichora njia katika vumbi, na nikaogopa bila kujua ninaogopa nini.

Tindo alipokuwa anamsaidia kutoka, mama yule alimshika mkono. "Mkwe," alisema kwa sauti ya chini, si ya utani tena, "wewe ndiye mtu wa mwisho aliyemgusa baba yangu. Uliligusa jina lake herufi kwa herufi. Nilipojua mwanangu anaoa kwako, nilifurahi kwa ajili hiyo kuliko kwa mahari. Sijawahi kukwambia."

Gari lilipoondoka, Tindo alifunga mlango wa karakana mchana kweupe, akaweka komeo. Akapanda ngazi mbele yangu mpaka chumbani kwangu, akapiga magoti kando ya kitanda nilichokuwa nakilalia tangu Jumatatu, akavuta kutoka chini yake bomba refu la bati.

Ndani mlikuwa na karatasi. Aliitandaza sakafuni, pana kuliko mlango, nyeusi kwa nta. Kisha akanieleza, amekaa kwenye kizingiti, akizitazama ncha za viatu vyake.

Miaka kumi na mmoja nyuma, upepo wa chumvi ulikuwa umeyala mabamba ya zamani hata hayasomeki kwa jicho. Tindo alipewa kazi ya kuchonga mapya. Aliambiwa anakili kilichopo. Daftari la majina lilikuwa makao makuu na hakuna aliyefikiri fundi analihitaji. Kazi ya namna hiyo ina njia yake: unabandika karatasi juu ya jiwe, unasugua nta nyeusi, na yale ambayo jicho haliyaoni yanatokea meupe juu ya weusi. Unaipeleka karatasi karakana, unachonga kwa kuifuata. Huhesabu. "Ukihesabu unaanza kufikiri," alisema, "na fundi akianza kufikiri juu ya maneno, tindo inaruka. Unafuata karatasi tu."

Siku ya bamba la tano upepo ulikuwa mkali. Alipokwisha kusugua na kuibandua, karatasi ilijikunja kidogo, kunjo la upana wa kidole gumba, likalala chini ya mkanda wa kubandikia kama mkunjo wa shuka. Akaiviringisha, akaipeleka karakana vile vile, bila kutambua. Alipochonga, mstari mmoja ulikuwa ndani ya kunjo. Majina arobaini na mawili yakawa arobaini na moja.

"Na nafasi je? Hukuona imebaki nafasi chini?"

"Niliona." Alijipangusa uso. "Nikadhani nimebana mistari. Nikaona aibu, nafasi tupu chini ya bamba moja tu kati ya kumi na mawili. Nikachonga nanga. Nanga ndogo, nzuri sana. Wakaguzi walikuja na miavuli na njaa. Walihesabu mabamba, majina hakuna aliyeyahesabu. Mkubwa mmoja akaisifu nanga kwenye hotuba. Gazetini wakaweka picha yake, ya nanga. Nimekaa na sifa ya nanga miaka miwili."

Baada ya miaka miwili alitaka karatasi ya kufunikia jiwe lisipatwe na rangi. Akaitandaza hii, akaona ina kunjo chini ya mkanda. Akalinyoosha kunjo kwa kiganja. Jina likatoka, jeupe, kamili, kama mtu aliyekuwa amejificha chini ya kitanda na sasa amechoka kujificha.

Alinionyesha. Mstari wa kumi na saba ulikuwa umebanwa kati ya alama mbili za kunjo, moja juu na moja chini, lakini ulisomeka.

"Nilisema hana mtu," alisema Tindo. "Wengi wao hawana mtu tena. Nilisema nitaandika barua kesho. Nikasema hivyo kila siku, miaka mingi. Kisha mwanangu akaolewa. Siku ya kutambulishana wazee walisimama mmoja mmoja, na yule mama akataja jina la baba yake na jina la meli. Nilikuwa nimeshika glasi ya maji. Niliinywa yote na sina kiu."

Chini mtaani mtu alikuwa anapiga honi.

"Niliwaza nitamshika mkono, nimwongoze kwenye jina jingine. Haoni, si ndiyo? Umemwona leo. Yule anasoma kuliko mimi. Niliwaza kwenda kabla yao nikachonge usiku kama mwizi, lakini pale pana askari wenye bunduki. Niliwaza gari liharibike. Mgeni, nimefikia kutamani mama wa watu apate mafua." Aliinua macho. Nimeona hofu za aina nyingi, mipakani na hospitalini, lakini ile ya mzee anayeogopa kupoteza heshima mbele ya mtoto wake ina ubaya wake wa pekee. "Huyu binti nimemlea peke yangu. Nyumba anayolala ni ya yule mama. Akijua nimemtupa baba yake, na nikanyamaza, nikala wali wa harusi kwake, mwanangu atakaa wapi katika nyumba ile?"

*

Alhamisi tulikuwa tunaisubiri simu. Hatukusema tunaisubiri. Tindo alichanganya gundi ambayo hakuitumia, mimi nilifagia vumbi lililokuwa limeshafagiwa. Nilihesabu saa za mlinzi: sasa anakula chakula cha mchana, sasa anatoka na chaki, sasa amesimama mbele ya bamba la tano, anashuka kwa kidole, kumi na tano, kumi na sita.

Ililia saa tisa na dakika kumi.

"Pokea wewe," alisema Tindo. "Mkono wangu una gundi." Mkono wake haukuwa na kitu.

Aliyepiga alikuwa karani wa ofisi ya ukumbusho, kijana mwenye sauti ya upole. Aliuliza kama ni upande wa familia. Nikasema ni karibu na familia. Akasema kuna jambo dogo, tusiwe na wasiwasi. Daftari linasema bamba la tano, mstari wa kumi na saba. Mlinzi amekwenda, na mstari wa kumi na saba una mtu mwingine. Wametazama bamba zima, jina halipo.

"Kwa hiyo?" niliuliza, na sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Kwa hiyo daftari ndilo lenye kosa. Zamani waliandika watu ovyo. Huenda alishuka meli kabla, huenda alitoroka, huwezi kujua. Sisi kanuni yetu ni kwamba jiwe ndilo la mwisho. Wageni waje tu, tutawapa chai, wataangalia bahari. Na kesho mchana tutalisahihisha daftari, tulifute jina, ili wengine wasisumbuke kama nyinyi."

Nilimshukuru. Nilitundika simu. Kisha nikamweleza Tindo neno kwa neno, kwa sababu sikuona nina haki ya kupunguza hata moja.

Nilidhani atafarijika. Nakiri kwamba kwa muda mfupi mimi mwenyewe nilifarijika: hakuna aliyemshuku, mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake na karani mwenye adabu. Angenyamaza siku moja zaidi, na kosa lingekuwa la mwandishi fulani aliyekufa zamani.

Tindo alikuwa amekuwa mweupe chini ya vumbi.

"Wamesema alitoroka?"

"Wamesema huenda."

"Na watamfuta."

"Kesho mchana."

Mzee alilivuta jiwe la kunolea, akaanza kunoa tindo. Alinoa saba, moja baada ya nyingine, mpaka ile ndogo kabisa ya kufungulia kona. Alifunga nyundo mbili kwenye gunia, na jiwe la kusagia, na chupa ya maji. Mara moja tu alisema, bila kugeuka, "Ni herufi ishirini na tatu. Nanga itabidi isagwe kwanza. Nikipewa saa tano zinatosha."

"Na wasipokupa?"

"Hilo ndilo sijalifikia."

*

Ijumaa hakukuwa na mvua. Saa kumi na mbili kasoro robo gari lilikuwa mlangoni, mama mkwe amekaa kiti cha mbele amevaa vazi la kutokea, mikoba miwili na chupa ya chai miguuni. Binti alishuka kufungua buti, akamwona baba yake anatoka na gunia zito begani na bomba la bati kwapani.

"Baba, hicho nini? Tunakwenda kuzuru, hatwendi kujenga."

"Fungua mlango wa mkwe wangu kwanza."

"Kwa nini? Ameshakaa."

"Mwanangu, fungua."

Aliufungua. Tindo aliweka gunia chini. Akapiga magoti kwenye lami, mzee yule, pale pale kando ya kiti, na vumbi la karakana likamwagika kutoka kwenye suruali yake. Nilisimama mlangoni. Nilitamani aseme na nilitamani asiseme.

"Mkwe," alisema, "jina la baba yako halipo ukutani. Lilikuwepo. Mimi ndiye niliyeliacha."

Akaeleza. Hakujipamba. Alisema kunjo, alisema nanga, alisema miaka miwili ya kutojua na tisa ya kujua. Alisema glasi ya maji ya siku ya kutambulishana. Alisema simu ya jana, na karani, na kwamba leo mchana watamfuta na daftarini, na watu watadhani alikimbia meli. Binti yake alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Baba," alisema mara moja. "Miaka tisa, Baba? Na mimi ninakula naye sahani moja?"

Uso wa mama yule ulielekea mbele, kwenye kioo cha gari, kana kwamba anaangalia barabara. Kinyozi alikuwa anafungua kibanda chake, bati likapiga kelele, sote tukashtuka isipokuwa yeye.

"Hiyo karatasi unayo?" aliuliza hatimaye.

Tindo alifungua bomba. Aliitoa karatasi, akaifungua kipande tu, akamwekea mapajani, mstari wa kumi na saba ukiwa juu. Mama alivua glavu moja. Nta ya zamani ina ukwaru; panapokuwa na herufi pana ulaini. Kidole kilianza kushoto. Kilikwenda polepole mno, kikasimama kati ya jina na jina, kikaendelea. Midomo yake ilitamka bila sauti. Kilipofika mwisho hakikuinuka.

"Wameandika na jina la babu yake," alisema. "Mama yangu hakuwahi kuniambia kama waliandika na la babu."

"Wameandika, mkwe."

"Nyamaza kwanza."

Alilisoma tena tangu mwanzo. Mara ya tatu alilisoma kutoka mwisho kuja mwanzo, kama walivyokuwa wakisoma kiwandani. Kisha akaishika ile karatasi kwa mikono yote miwili.

"Mchana utatuwahi," alisema. "Binti, ofisi yao inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili, Mama."

"Basi tusisimame njiani. Dawa nitakunywa humu humu, msalani nitavumilia. Nataka tuwe langoni kabla yule kijana hajashika kalamu. Na wewe, mkwe, utasimama mbele ya wakubwa wake na kuyasema haya haya, kwa maneno haya haya. Usiongeze wala usipunguze."

"Nitasema. Mkwe, unanisa—"

"Hilo usiniulize leo. Leo sijui. Ingia garini."

Tindo alijaribu kuinuka, goti likakataa. Binti yake alimtazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akamshika kwapa akamwinua, kwa nguvu, bila upole, kama anavyoinuliwa mgonjwa mkaidi.

Kiti cha nyuma kilikuwa na kiti cha magurudumu kilichokunjwa, gunia na sasa lile bomba. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Binti aligeuka kwangu, macho mekundu, akatafuta namna ya kusema.

"Nitabaki," nilimwambia.

"Wakipiga simu, mgeni, waambie tuko njiani. Waambie wasifute kitu. Waambie fundi anakuja."

"Nitawaambia saa mbili kamili, kabla hawajapiga."

Tindo alikuwa ameshajibana nyuma, magoti yakigusa kidevu, bomba limesimama kati ya miguu. Alinitazama kupitia dirishani. Alikuwa anaogopa vile vile kama siku niliyofika, labda zaidi.

Gari likawaka, likazima, likawaka tena. Lilipita kibanda cha kinyozi, likapita duka la matairi, likasimama kungoja reli iwe wazi, na kutoka mlangoni niliona kisogo cha mama yule hakijageuka, na cha Tindo kimeinama nyuma yake. Kizuizi kikapanda. Wakavuka. Mimi nikaingia ndani, nikavuta stuli chini ya simu, nikaketi kungoja saa mbili.